Siku Tulipoukunja Mkeka wa Mama

Siku mama alipompa mgeni mkeka wake wa kaburini, mimi nilikuwa uani napakua wali. Nilisikia sauti za ndani nusunusu, kicheko, kisha kimya. Nilipoingia na sinia nikaukuta mkeka umeshateremshwa kutoka darini, umekunjuliwa sakafuni, na mgeni ameupigia magoti kama mtu aliyepoteza pete. Mama amekaa kwenye kigoda chake, anatabasamu.

Mgeni alikuwa mwanamke mrefu kutoka Ulaya, msimamizi wa makumbusho ya sanaa ya kisasa. Alikuwa akizunguka Kibiti na vijiji vya mtoni kutafuta mikeka, nami nilikuwa mkalimani wake, kwa Kiingereza changu cha kufundishia darasa la tano. Kwa mama, Mohoro, nilimpeleka kwa kujionyesha tu. Nilitaka aone mahali nilipojifunzia kazi. Mama alikuwa msusi ambaye watu walitoka Ikwiriri na Mahege kumfuata, na mikeka yake ya harusi ilikuwa na zambarau na kijani iliyokolea mpaka unaona haya kuikalia.

Mgeni aliisifu mikeka hiyo yote kwa adabu. Lakini mama, ambaye macho yalikuwa yameanza kumpotea na akabaki na masikio makali, alijua adabu ni adabu. Akamwashiria kijana wa kaka yangu ateremshe ule mwingine. Ule haukuwa na rangi. Ulikuwa mweupe, wa ukindu mtupu, na karibu na ncha moja ulipitiwa na mstari mmoja mweusi. Basi.

Kwa asiyejua mambo ya kwetu, maiti akishalazwa mwanandani, shimo jembamba la ndani ya kaburi, hupangwa mbao juu yake, na juu ya mbao hutandazwa mkeka ili mchanga usipenye. Wengi hutumia mkeka wowote unaopatikana siku hiyo. Mama hakutaka mkeka wowote. Alijisukia wake mwenyewe, maana kwetu mtoto hamsukii mzazi mkeka wa namna hiyo. Ni kumhesabia siku. Ule mstari mweusi aliuweka kuonyesha upande wa kichwa, kwa kuwa anawajua wanaume wa Mohoro wanavyofanya mambo kwa haraka makaburini. Mkeka ukaishi darini miaka, umekunjwa na kufungwa kamba, ukapona mafuriko mara zote maji yalipoingia ndani. Haukutandikwa hata siku moja, kwani mkeka wa kaburini hautandikwi kabla ya siku yake.

Sasa umetandikwa, mgeni anaupapasa kwa ncha za vidole, machozi yanamlengalenga, na hakuna aliyemwambia ni kitu gani. Mama akausukuma mbele kwa mguu wake. Chukua. Ishara hiyo haihitaji mkalimani.

Nilisubiri gari la mgeni lipotee barabarani ndipo nikamrudia.

"Mama, ule ulikuwa wako."

"Ulikuwa wangu. Sasa wake."

"Hukumwambia ni wa nini."

"Ningemwambia angeukataa. Mgeni ameupenda, mie nikampa. Ulikaa darini humo, nani alipata kuuona? Panya." Akacheka peke yake.

"Na siku ikifika?"

"Siku ikifika Mungu hakosi majani ya mgomba."

Nilikasirika. Nina hasira za karibu, wifi yangu atawathibitishia, lakini ile haikuwa hasira ya kupita. Mwanamke aliyewasukia mikeka maharusi wa tarafa nzima afunikwe majani ya mgomba, na mimi binti yake, msusi mwenye jina Kibiti, nimesimama pembeni nimefunga mikono. Na macho yake hayakuwa ya kuanza mkeka mwingine. Daktari alisema ni presha ya macho na kilichokwisha kwenda hakirudi.

Mwaka uliofuata makumbusho yakatualika. Walitaka wasusi wawili waje wakae kwenye ukumbi wao na kusuka mbele ya watu. Wakanichagua mimi kwa ajili ya Kiingereza, na wifi yangu, mke wa kaka, kwa ajili ya mkono wake, kwani hana mpinzani kwenye ukili. Ukili ndio ule utepe mrefu unaosukwa kwanza, ambao baadaye hushonwa upande kwa upande mpaka uwe mkeka. Ukisuka mpana, mkeka unakwisha upesi. Ukisuka mwembamba, kazi ni ndefu na kitu kinatoka kizuri. Wifi husuka mwembamba kwa kasi ya mpana, naye hakosi kukuambia.

Tulikwenda Mohoro kumuaga mama. Akatuombea dua, kisha akasema, "Mkauone mkeka wangu. Mkauone tu, msiuombe. Nilichotoa kwa mkono wa kulia sikirudishi kwa wa kushoto."

Nikasema sawa, mama. Moyoni nilisema tutaonana mbele ya safari.

Mji ulikuwa baridi, baridi ya kuuma meno. Makumbusho yalikuwa jumba jeupe lenye vyumba vikubwa ambavyo, kwa macho ya siku ya kwanza, havikuwa na kitu. Chumba kimoja kilijazwa ndoo za plastiki zilizotobolewa na kuning'inizwa, na kila ndoo ilikuwa na taa ndani. Wifi alizunguka chumba kile taratibu, mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule.

"Ndoo nzuri," akasema mwishowe. "Wangetugawia kabla hawajazitoboa."

Nilicheka na kumkubalia. Lakini tulikuwa tunakipita chumba kile kila asubuhi kwenda mahali petu pa kusukia, na sijui ilikuwa siku gani nilipojikuta nimesimama katikati yake, nuru za vitobo zimenitapakaa kwenye khanga na mikononi, sitaki kuondoka. Mtu alikuwa amezitazama ndoo za kuchotea maji, hizi zinazopasuka na kutupwa jalalani, akaona ndani yake anga la usiku. Nilimheshimu mtu huyo. Nikamwambia wifi, naye akasema ameshaona hayo tangu juzi, alikuwa ananisubiri mimi mwalimu nifike.

Watu walikuja kututazama tukisuka. Walikaa chini, watu wazima wenye makoti ya thamani, wakauliza mambo ya maana. Kwa nini ukindu unaloweshwa, rangi inachemshwaje, mkono unajuaje. Nimesuka tangu utotoni na sikupata kuulizwa mkono wangu unajuaje. Niliipenda ile heshima, sifichi. Mkeka wa mama tu ndio tulikuwa hatujauona. Ukumbi wake ulikuwa unaandaliwa, na mgeni wa mama, ambaye sasa sisi ndio tulikuwa wageni wake, alitutaka tusichungulie mpaka ufunguliwe Ijumaa.

Alhamisi tukapewa mapumziko. Ndiyo siku tuliyoingia makumbusho ya Wayahudi, na sababu ya kuingia haikuwa elimu. Wifi alibanwa. Tulikuwa barabarani, mvua ya barafu inaanguka, choo cha karibu kilikuwa ndani ya jengo la matofali mekundu lililokuwa na mlinzi na mashine ya kupekua mikoba. Nilisoma kibao cha mlangoni nikamtafsiria. Akasita, miguu imebanana.

"Mayahudi hawa wa kwenye redio?"

"Wa hapa hapa mjini. Ingia."

Naelewa kusita kwake. Mimi mwenyewe, Wayahudi niliowajua ni wa namna mbili: wale wa zamani wa Nabii Musa, na hawa wa taarifa ya habari, ambako kila jina linatajwa pamoja na mabomu. Katikati ya hao wawili sikuwa na mtu. Sikupata kufikiri kwamba wana bibi zao, na vyungu, na nguo za Idi.

Wifi alipotoka chooni sura imetulia, vitambulisho vyetu vya kazi vilikuwa vimeshatuingiza bila kulipa, hivyo nikasema tuzunguke. Alitufuata bibi mmoja mfupi wa nywele nyeupe, mwenyeji wa pale, wa kujitolea. Alikuwa na fimbo na miwani mbili, moja machoni na nyingine shingoni. Alisema Kiingereza polepole kwa sababu hata kwake hakikuwa lugha ya nyumbani. Tukaelewana vizuri.

Akatupeleka kwanza kwenye Taurati. Nilitarajia kitabu. Kumbe ni ngozi ndefu iliyoandikwa kwa mkono na kuviringwa kwenye miti miwili, kisha ikavishwa kanzu ya mahameli na kutiwa taji la fedha lenye njuga. Kando yake kilikuwapo kijiti cha fedha, ncha yake imechongwa mkono mdogo wenye kidole kimoja kilichonyooshwa. Bibi akaeleza kwamba anayesoma hagusi maandishi kwa kidole chake, anafuata mistari kwa kile kijiti, kutoka kulia kwenda kushoto.

Wifi akanishika mkono. "Mwambie na sisi chuoni, tukisomeshwa Kurani, tulikuwa na kijiti."

Nikamwambia. Chelewa ya mnazi, nikasema, na ukigusa herufi kwa kidole kichafu mwalimu anakugonga nayo. Bibi akacheka sana. Akauliza kitabu kikichakaa tunakifanya nini, na nilipojibu kwamba tunakizika, hakitupwi wala hakifungiwi maandazi, aliweka fimbo yake begani akapiga kofi moja dogo. Na wao wanazika.

Basi tukawa kama watu waliokutana mnadani na kugundua wanatumia fundi mmoja. Tulipita vyumba vile tukioneshana. Taa za Ijumaa jioni, Sabato yao inapoingia. Kitambaa cha kufunikia mkate, kimetariziwa zabibu, na wifi akainama mpaka pua ikagusa kioo kuhesabu mishono. Alisema aliyekishona alikuwa mtu wa subira na hakuwa na watoto wadogo. Kwenye chumba cha misiba tuliona vyombo vya kuoshea maiti na sanda ya kitani nyeupe. Bibi akasema sanda yao haina mifuko. Nikamwambia kwetu hiyo ni methali kabisa, sanda haina mfuko, tunawaambia mabahili. Akaniomba niiseme kwa Kiswahili, akairudia vibaya, tukamsahihisha mpaka ikakaa.

Nilikuwa na furaha. Nalisema hilo kwa sababu ya kilichofuata.

Mwisho wa chumba ilikuwapo shali ya sala, nyeupe, yenye mistari myeusi upande, imetandazwa ndani ya kioo. Kila pembe ilikuwa na tamvua refu la nyuzi zilizofungwa mafundo. Bibi akasema mwanamume wa Kiyahudi huswali na shali hiyo maisha yake, na akifa huzikwa nayo. Kabla ya kuzikwa hukatwa tamvua moja, kuonyesha kwamba sasa amepumzika, hadaiwi sala tena.

Kisha akabadilisha miwani.

"Hesabu matamvua," akaniambia.

Nikahesabu. Yalikuwa manne.

Ilikuwa ya babu yake. Wakati wa vita kuu ya pili askari walikuja kuwachukua Wayahudi wa mji ule, nyumba kwa nyumba, naye akachukuliwa pamoja na watu wake, wakauawa mbali, pasipo kaburi. Jirani aliificha shali ndani ya mto wa kulalia. Ilipopatikana, mwenyewe hakuwapo wa kuzikwa nayo, wala hapakuwa na mahali pa kuipeleka. Bibi aliitoa makumbusho ili isilale kabatini. Huja kila Alhamisi kuitazama, na kwa kuwa yuko pale, huwaonyesha na wageni.

Nilimtafsiria wifi. Katikati machozi yakanitoka, nikayafuta kwa ncha ya khanga. Wifi alifungua viganja vyake akasoma dua kimyakimya, pale pale mbele ya kioo, na bibi alisubiri amalize, ameinamisha kichwa.

Sikuwa namlilia babu wa mtu tu. Niliiona shali ile, nguo iliyobaki na mwenyewe amekwenda bila yake, nikauona mkeka wa mama. Na mama yangu bado yu hai, anakaa kigodani Mohoro, anawauliza wapita njia mto umejaa kiasi gani. Nilitoka mle nikijua kwamba sitaweza kuutazama tu ule mkeka kama nilivyoagizwa.

Ijumaa ukumbi ukafunguliwa. Nataka niwe mkweli, walikuwa wameutendea mkeka ule mema kuliko nilivyotarajia. Walijenga jukwaa la chini la mbao nyeusi wakautandika juu yake, peke yake katika chumba kikubwa, na nuru ikashuka juu yake laini. Sikupata kuuona hivyo. Darini ulikuwa bunda. Hapa niliona jinsi ukili ulivyopita wote sawasawa, hakuna mahali mkono wa mama ulipochoka, na ule mstari mweusi umekaa peke yake kwenye weupe wote ule. Watu walisimama pembeni hawasemi. Kibao cha ukutani kilieleza kwamba mstari ni mto Rufiji. Si kweli, lakini nilikiona kizuri, na nadhani mama angekipokea.

Kisha nikauona urefu wake. Mkeka wa urefu wa mtu, umetandikwa, unangoja.

Nilivua viatu. Sikumwambia wifi kitu, lakini nilipokanyaga jukwaa upande wa miguuni nilimkuta na yeye ameshavua, anatokea upande wa pili. Tukasema Bismillahi, tukaanza kuukunja. Tuliukunja kama mama anavyoukunja, tokea miguuni kuelekea kichwani, ili siku ya kufunguliwa kichwa kitangulie. Tulikwenda taratibu, magoti chini, tukikaza kila mviringo. Hakuna haja ya kuzungumza unapokunja mkeka na mtu mliyekunja naye mikeka maisha yote.

Mlinzi alikuja mbio, akafika ukingoni mwa jukwaa, akasimama. Naona maskini hakujua kama sisi ni wahalifu au ni sanaa. Nasi tulikuwa na vitambulisho vya makumbusho shingoni. Aliita kwenye redio yake, na huku nyuma watu walizidi kujaa, wanapiga picha, wengine wamevua viatu na kuvishika mkononi. Tulipofika mwisho nikafungua mtandio wangu wa ndani, nikaufunga mkeka katikati. Watu wakapiga makofi.

"Wanashangilia nini?" wifi akauliza.

"Sijui. Simama, tuondoke nao."

Hatukufika mbali. Mgeni wa mama alikuwa amesimama mlangoni, uso umempauka. Hakupiga kelele. Alitupeleka chumba cha nyuma, mkeka mikononi mwangu, akatutengenezea chai kwa mkono wake na kuuliza jambo moja tu: kwa nini.

Nikamweleza. Darasa la tano halina msamiati wa mwanandani, ikabidi nichore kwa kidole mezani, hapa mtu, hapa mbao, hapa mkeka, hapa mchanga. Nikamwambia mstari ni wa kichwa. Nikamwambia kwamba mkeka huu hautandikwi mwenyewe akiwa hai, na ndiyo maana tumeukunja. Sikuuomba. Namshuhudisha wifi, sikuuomba.

Aliziba mdomo kwa mikono miwili. Kisha akauliza kama mama yuko hai.

"Yuko hai."

"Basi ni wake," akasema. "Sikujua nilipewa nini. Wakubwa zangu watakataa kwanza, ndiyo kazi yao. Lakini nitawaandama mpaka utarudi."

Nilimwona mtu mzuri. Angeweza kutuambia tumeharibu ufunguzi wake, na tulikuwa tumeuharibu. Alikuwa tayari kupoteza kitu alichokipenda kuliko vyote vya mle ndani, na alisema hivyo kabla chai haijapoa. Wifi akampigia kaka simu, kaka akampelekea mama, nami nikaipokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mmeuona?"

"Tumeuona. Tumeukunja."

Nyuma yake jogoo wa jirani akawika.

"Umeuomba weye?"

"Sikuuomba. Wenyewe wanataka kuurudisha."

"Walikuwa wameutandika?"

"Wameutandika, wameuwekea na taa. Watu wamejaa."

"Wengi?"

"Wengi, mama. Wanautazama tu, hawasemi."

Nilimsikia akipumua. "Basi uacheni huko," akasema.

Hapo nikamwambia habari za shali. Nilimwambia yote, matamvua manne, babu asiye na kaburi, bibi anayekwenda kila Alhamisi. Na kwa kuwa nilishachoka kuzunguka, nikasema lililokuwa moyoni. "Mama, mie sitaki uzikwe kwa majani ya mgomba."

"Mungu amrehemu mzee huyo na watu wake," mama akasema. "Lakini usichanganye, mwanangu. Yeye alinyang'anywa. Mie nimetoa."

Mgeni wa mama alikuwa ananitazama usoni akijaribu kusoma.

"Kama roho inakuuma," mama akaendelea, "nisukie weye."

"Mama, jambo hilo halifanywi."

"Halifanywi mtoto akijituma. Mie nakutuma. Siku zangu nimezihesabu mwenyewe, weye hunihesabii kitu." Kisha, kwa sauti yake ile ya kuuzia mikeka, "Au huwezi?"

Wifi aliinamia kikombe chake, mabega yanamtikisika, anacheka au analia, sikumwuliza.

Mkeka ukabaki. Lakini Jumatatu tulipoingia ukumbini tuliukuta juu ya jukwaa lake ukiwa umekunjwa, na mtandio wangu bado umeufunga. Mgeni wa mama alikuwa amebandika kibao kipya. Kilisema huu ni mkeka wa mwanamke wa Mohoro aliyeutoa kwa hiari yake, kwamba una mstari mweusi ambao mtazamaji hatauona, na kwamba kwao mkeka huu hukaa umekunjwa. Nilifikiri watu watapita wakatafute kinachoonekana. Hawakupita. Walisimama wakautazama hivyo hivyo ulivyofungwa, kwa utulivu uleule, na wengine kwa muda mrefu zaidi. Watu wale wamenifundisha kutazama, na nitawashukuru kwa hilo popote nitakapokuwa.

Kabla ya kuondoka tulirudi kwa yule bibi, Alhamisi, wifi akiwa hana haja ya choo. Tulimpelekea kipande cha ukili tulichosuka pale, urefu wa mkono. Nilimsimulia yaliyotokea, na nilipofika kwenye maneno ya mama, yeye alinyang'anywa, mie nimetoa, aliniomba niyarudie. Aliuzungusha ukili kidoleni mwake. Akasema hajapata kupewa salamu za rambirambi za babu yake kutoka mbali kiasi hicho, tena na mtu anayejua sanda. Tulikumbatiana watatu mbele ya kioo, fimbo ikaanguka, mlinzi akaiokota.

Sasa niko Kibiti, nasuka. Ukindu nimeuchagua mwenyewe, nimeuanika mpaka ukawa mweupe kama anavyoutaka, na mstari mweusi nimeshautayarishia rangi. Kila nikipata nafasi napanda gari kwenda Mohoro na bunda langu, maana mama amesema kazi yake lazima aikague. Haioni, anaipapasa.

Juzi nilimwekea mapajani nilichofikisha. Akaupitisha ukili katikati ya vidole, polepole, kutoka mwanzo hadi ncha. Nilikuwa nimejiandaa kuulizwa.

"Mbona mwembamba hivi?" akasema. "Kwa ukili huu mkeka hauishi leo wala kesho."

"Ndiyo, mama."

Akaupima tena upana wake kwa ukucha wa kidole gumba, kisha akanirudishia mkononi.

"Punguza tena kidogo," akasema.